Kalavati Kwanza: Vivuko vya Wanyama kwenye Barabara za Gitega na Muyinga

Mwezi Oktoba 2018 Burundi ilitunga sheria inayotaka mifugo ifugwe zizini muda wote na inayopiga marufuku wanyama wa kufugwa kuzurura. Wafugaji walipewa muda wa kujiandaa, na tangu Oktoba 2021 ng'ombe au mbuzi anayekutwa akijilia majani kando ya barabara humletea mwenyewe faini. Shabaha ya sheria hiyo ilikuwa mashamba, mbolea na ugomvi wa majirani, lakini dereva wa lori naye alipata fungu lake bila kuliomba, maana mnyama aliyezoea kuchomoza kwenye kona akiburuta kamba alipaswa kubaki nyumbani. Wapo wanyama wengine ambao sheria ya namna hiyo haiwafikii, kwa sababu nyati na kiboko hawana mwenyewe wa kutozwa faini. Kwao, nchi nyingi zimetafuta dawa kwa wahandisi: kuwajengea njia ya kupita juu au chini ya barabara. Dawa hiyo hujulikana zaidi kwa picha za madaraja yaliyopandwa miti huko Kanada na Uholanzi, na ni halali kuuliza kama ina nafasi katika nchi ya kilomita za mraba 27,834 yenye watu zaidi ya milioni 12, hasa katika barabara zinazozunguka Gitega na Muyinga. Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba nafasi ipo, ila ni finyu, na iko mahali wengi wasipotazama: chini ya lami, kwenye kalavati, katika majuma yale ambayo mchoro wa mhandisi bado uko mezani na kubadili kipimo kunahitaji kalamu tu.

Ramani yenyewe hupunguza ubishi. Barabara ya taifa namba 12 hutoka Gitega, huvuka mto Ruvubu, hupita Karuzi na kupanda hadi Muyinga. Kutoka Muyinga lami huendelea hadi Kobero kwenye mpaka wa Tanzania, na hapo ndipo yanapoingilia malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam yakiwa na mafuta, saruji na shehena nyingine za nchi isiyo na bahari. Mashariki ya njia hiyo iko Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, kubwa kuliko zote Burundi, iliyoanzishwa mwaka 1980 na yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 500. Umbo lake lina maana kuliko ukubwa wake. Ni ukanda mrefu na mwembamba uliokumbatia mto kwa makumi ya kilomita, na kuna sehemu ambazo mtu huweza kuukata kwa miguu kabla jua halijakaza. Kabla ya mageuzi ya mwaka 2025 yaliyopunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, hifadhi hiyo ilikuwa ya Karuzi, Muyinga, Cankuzo na Ruyigi kwa pamoja. Leo iko katika mikoa miwili, Gitega na Buhumuza. Ndani yake wamo nyati, viboko, kuro, pongo, nyani, tumbili na mamba, pamoja na ndege wa aina zaidi ya 400. Simba walikwisha toweka. Kwa kuwa mji wa Muyinga uko upande mmoja wa mto na Cankuzo upande wa pili, barabara yoyote ya moja kwa moja kati ya miji hiyo lazima ivuke mto na ukanda wake, na hapo ndipo swali la vivuko linapoacha kuwa la nadharia.

Kabla ya kufika huko, tukubali jambo ambalo watetezi wa wanyama hulipitia haraka. Sehemu kubwa ya njia ya Gitega hadi Muyinga haihitaji kivuko cha wanyamapori hata kimoja. Hupita katikati ya migomba, kahawa, maharage na miji ya watu, katika nchi yenye wakazi zaidi ya 400 kwa kila kilomita ya mraba. Nyati hajakanyaga vilima hivyo kwa vizazi. Anayetaka kujenga daraja la wanyama katikati ya Karuzi atakuwa amejengea mbuzi, na mbuzi kisheria yuko zizini. Kanuni ninayoipendekeza ni kali kwa makusudi: kivuko kijengwe pale tu ambapo pande zote mbili za barabara kuna ardhi ambayo mnyama anaruhusiwa kukaa. Kivuko kinachomtoa nyani hifadhini na kumfikisha kwenye shamba la mihogo kitazaa kesi kwa viongozi wa kilima, ngazi ya chini ya utawala nchini, na wenye mihogo ndio watakaokuwa na haki. Kwa kanuni hiyo orodha ya mahali hubaki fupi: njia ya Muyinga kwenda Cankuzo panapokatiza ukanda wa Ruvubu, mabonde machache ya vijito vinavyoingia mtoni karibu na mpaka wa hifadhi, barabara za magharibi zinazopita katika msitu wa Kibira, na ukingo wa delta ya Rusizi karibu na Bujumbura. Ufupi wa orodha ni heri kwa mwenye mfuko mdogo.

Ushahidi kwamba vivuko hufanya kazi hautiliwi shaka tena. Mfano unaotajwa kila mara ni Banff, Kanada, ambako barabara kuu inayokatiza hifadhi ina vivuko 44, sita vya juu na 38 vya chini, vikiwa vimeunganishwa na uzio pande zote mbili. Ajali kati ya magari na wanyama wakubwa zilipungua kwa zaidi ya asilimia 80, na kwa jamii ya kulungu peke yao upungufu ulizidi asilimia 96. Dubu walihitaji miaka kadhaa kabla ya kuviamini vivuko hivyo, na jambo hili ni vyema walijue wanaotaka ripoti ya mafanikio baada ya miezi sita. Mara nyingi mfano huu husimuliwa nusu. Watu huonyeshwa daraja lenye miti, lakini kazi kubwa hufanywa na uzio, kwa sababu ndio unaomzuia mnyama asipite popote na kumwongoza hadi kwenye tundu. Kivuko bila kitu cha kumwelekeza mnyama ni mlango uliosimama peke yake uwanjani. Na nguzo za chuma zenye waya wa mita mbili na nusu, kwa makumi ya kilomita, ni kitu ambacho hakuna mtu anayeijua Muyinga atakayeamini kitamaliza mwaka kikiwa kamili. Waya una kazi nyingi vijijini, ikiwemo ya mitego.

Kwa hiyo tusome Afrika Mashariki kwa makini zaidi kuliko Kanada. Mwishoni mwa mwaka 2010 Kenya ilikamilisha njia ya tembo chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru. Ni kipande kidogo cha ushoroba wa kilomita 14 unaounganisha msitu wa Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare, ukipita katikati ya mashamba makubwa ambayo wenyewe walikubali kuachia ardhi. Mapema mwaka 2011 tembo walianza kupita, na mwaka 2013 UNESCO iliongeza hifadhi jirani ya Lewa na msitu wa Ngare Ndare kwenye urithi wa dunia wa Mlima Kenya. Zege lenyewe ni la kawaida kabisa, la kiasi ambacho mkandarasi yeyote wa madaraja anaweza kukijenga. Kilichochukua muda ni makubaliano ya ardhi na uzio wa pembeni. Jambo hilo linaihusu Burundi moja kwa moja: ugumu wa kivuko uko katika mazungumzo na watu wa tarafa kuliko katika saruji, na mazungumzo hayo serikali inaweza kuyaanza hata kabla ya kupata mkopo.

Mfano wa pili wa Kenya una funzo lililo chungu zaidi. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, hupita katika hifadhi za Tsavo juu ya kifusi kirefu, na wajenzi waliacha vivuko sita vya wanyama pamoja na madaraja na makalavati mengine. Mwaka 2016, ujenzi ukiendelea, tembo 10 walivishwa kola za satelaiti ili ijulikane watafanya nini. Ikaonekana kwamba wanajifunza. Walizitumia njia za chini, ingawa si wote na si kwa urahisi uleule. Lakini sambamba na reli hiyo kuna barabara kuu ya Mombasa, na tembo akishatoka salama chini ya treni hukutana na msururu wa malori usio na njia ya chini. Reli ilichorwa na ofisi moja na barabara ilikuwa chini ya ofisi nyingine. Hapo kivuko kizuri kiliharibiwa thamani yake na kitu kilichoko hatua chache mbele. Ndani ya Hifadhi ya Nairobi serikali ilichagua njia ya gharama kubwa, daraja la kilomita zipatazo 6.5 juu ya nguzo, ili wanyama wapite chini popote. Ugomvi juu ya daraja hilo haukuisha, maana wapo walioona reli haikupaswa kuingia hifadhini kabisa, nami naona walikuwa na hoja.

Jibu lililo karibu zaidi na mfuko wa Burundi halipo Kenya. Liko Unguja. Barabara inayopita kando ya msitu wa Jozani ilipowekwa lami katika miaka ya 1990, magari yalianza kwenda mbio na kima punju, ambao duniani hawapatikani nje ya Zanzibar, wakawa wanagongwa. Watafiti walihesabu kima mmoja aliyeuawa kwa kila wiki mbili hadi tatu. Yakajengwa matuta ya kupunguza mwendo. Hesabu za baadaye zilionyesha kima mmoja kwa kama kila wiki sita. Hakuna aliyedai tatizo limekwisha, na mnyama adimu anayekufa kila wiki sita bado ni hasara kubwa, ila vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu kwa gharama ya udongo, zege na rangi. Huko Diani, pwani ya kusini ya Kenya, watetezi wa mbega walining'iniza ngazi za kamba na mpira juu ya barabara ya hoteli ili mbega wavuke wakiwa hewani, na mbega wakazikubali. Mikumi nchini Tanzania, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia hukata hifadhi kwa kilomita 50, imetegemea matuta, kikomo cha mwendo na faini kwa anayegonga mnyama. Hata hivyo wanyama bado hufa humo, kwa sababu faini humpata dereva aliyekamatwa tu na usiku hauna mashahidi. Ukivitazama visa hivi vitatu pamoja utaona kwamba mwendo wa gari ndio chanzo, na kwamba kinachoushusha mwendo kwa nguvu ya umbo lake kina uhakika kuliko kinachoushusha kwa maandishi ya kibao.

Hapa ndipo hoja ya wanyama inapokutana na hoja ya watu, na kwa maoni yangu ndipo inapopata nguvu yake yote katika nchi kama Burundi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba barani Afrika watu kama 19 katika kila laki moja hufa kwa ajali za barabarani kwa mwaka, wakati wastani wa dunia ni 15. Duniani kote zaidi ya nusu ya wanaokufa ni wale wasio na bati la kuwakinga: waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Shirika hilohilo hukumbusha kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia zipatazo 4. Yeyote aliyepita barabara za vilima vya Burundi amewaona vijana wa baiskeli wakishuka na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, na wakati wa kupanda wakijishika nyuma ya lori. Bondeni, pale mteremko unapoishia na lori limekusanya kasi, ndipo kijito kinapopita, ndipo wanawake wanapovuka na madumu ya maji, watoto wanapovuka kwenda shule, na karibu na hifadhi ndipo kuro na pongo wanapofuata maji. Wote huvuka mahali pamoja kwa sababu umbo la ardhi limewapangia. Kivuko cha chini bondeni, chenye njia kavu pembeni mwa maji, hutumika mchana na mtu na usiku na mnyama. Utafiti wa sehemu nyingi unaonyesha kwamba wanyama hupendelea giza na watu hupendelea mwanga, kwa hiyo ugomvi wa zamu ni mdogo kuliko unavyodhaniwa, ingawa penye watu wengi mno wanyama wenye haya huacha kabisa kupita.

Kalavati, basi, ndiyo kiini cha jambo. Katika barabara ya vilima huwepo kalavati karibu kila bonde, kwa sababu maji lazima yapite. Kwa kawaida ni bomba la zege la mviringo, lililopimwa kwa ajili ya mvua na si zaidi ya hapo. Mnyama mwenye kwato haingii ndani ya bomba lenye giza, lililojaa maji na lisiloonyesha mwanga upande wa pili. Badili bomba hilo liwe sanduku la zege lenye upana na kimo cha kutosha, weka kando ukingo unaobaki mkavu kijito kinapojaa, acha udongo wa asili sakafuni, na umepata kivuko cha pongo, fungo, nungunungu na hata nyani. Ukiongeza kimo, umepata cha kuro na nyati. Kiboko hufuata mto wenyewe, na yeye huhitaji daraja lililoacha nafasi kwenye kingo, si maji tu. Tofauti ya bei kati ya bomba na sanduku ipo na haifai kufichwa. Lakini sanduku kubwa hulipa kwa upande mwingine. Mvua za masika zikizidi, bomba dogo huziba kwa matope na matawi, maji hupanda juu ya lami na barabara hukatika, kisha serikali hulipa mara ya pili. Mhandisi anayepima kalavati kwa ajili ya nyati amepima pia kwa ajili ya mafuriko ambayo kitabu chake cha mvua za zamani hakikuyatabiri.

Kuna pingamizi dogo la kiufundi hapa ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha, nalo linatoka kwa wakulima. Mabonde ya Burundi hulimwa hadi chini kabisa. Msimu wa tatu wa kilimo, wa kiangazi, hutegemea vinamasi hivyo kwa mpunga, maharage na viazi. Ukipanua kalavati, maji yaliyokuwa yakizuiliwa juu ya barabara hushuka kwa wingi na kwa haraka, na shamba la chini huweza kusombwa. Mwenye shamba hilo hana sababu ya kufurahia kivuko. Jibu la haki ni kutopanua kokote pasipo lazima, na pale penye lazima kujenga vizuizi vya mawe vya kuvunja kasi ya maji upande wa kutokea, na kuwashirikisha wenye mashamba kabla ya mkandarasi kufika na tingatinga. Hilo huongeza gharama. Naona ni gharama ya halali, na ikiwa mradi hauwezi kuibeba, basi kivuko hicho kingoje.

Pingamizi kubwa zaidi husemwa kwa sauti moja kila mahali: watu kwanza. Burundi ni miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani; zahanati hazitoshi, madawati hayatoshi, mafuta ya gari yamekuwa yakikosekana kwa miezi. Nani athubutu kutaja njia ya nyati? Pingamizi hili lina uzito wa ziada huko Ruvubu, kwa sababu hifadhi hiyo ilipoanzishwa maelfu ya watu walihamishwa, na wazee wa pembezoni mwake bado wanajua ni kilima gani kilikuwa cha baba yao. Kuwaambia watoto wa watu hao kwamba sasa fedha za umma zitamjengea mnyama njia ni kuchokoza kidonda. Nami sidhani kwamba hoja ya thamani ya wanyama peke yake, hata ikipambwa kwa matumaini ya watalii, inatosha kuwajibu. Inayotosha ni hoja ya usalama. Lori la mafuta likimgonga nyati usiku katika njia ya Cankuzo, anayekufa ni dereva na utingo wake, na likipinduka, mafuta humwagika mtoni. Njia ya chini inayomwondoa nyati barabarani humwondoa pia mtoto wa shule. Ikiwa kivuko kilichochorwa hakiwezi kuonyesha faida hiyo ya pili, katika mazingira ya Burundi hakijastahili fedha, na ningekikataa hata kama mfadhili angekilipa chote, kwa kuwa ukarabati wake utabaki mikononi mwa serikali.

Upande wa pili, wapo wahifadhi wanaosema kwamba kivuko ni zawadi kwa majangili: mnyama hupitishwa kwenye tundu moja linalojulikana, na mtego wa waya hutegwa hapohapo. Huko Kanada watafiti waliwahi kuchunguza kama wanyama wala nyama huvitumia vivuko kuwinda, na hawakupata ushahidi wa maana, lakini puma na mbwa mwitu hawategi waya. Kwa Ruvubu hofu hii ni ya kweli. Haitibiwi kwa saruji. Hutibiwa kwa kuweka kivuko mahali askari wa hifadhi hupita kila siku, na kwa kuajiri watu wa vilima vya jirani wakague na kusafisha tundu hilo, wakilipwa kwa kazi hiyo. Kuhusu uzio, nimeshasema waya hautadumu. Kinachoweza kudumu ni kile ambacho wakulima wenyewe hukitumia kuzungushia nyumba zao: ua wa mnyaa, katani na miiba, uliopandwa kwa mita mia mbili au tatu kila upande wa kivuko, pamoja na kingo za barabara zilizokatwa wima ili mnyama aone kupita chini ni rahisi kuliko kupanda. Ua wa namna hiyo hautamzuia nyani, na hakuna ua utakaomzuia. Kwa nyani dawa ni matuta, na abiria waache kutupa maganda na mabaki ya chakula dirishani, maana nyani aliyezoea kulishwa na basi haondoki barabarani.

Tusidanganyike pia kwamba kila mahali pana jibu la kihandisi. Delta ya Rusizi ni mfano. Barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo hupita tambarare iliyo sawa na maji, na ziwa Tanganyika lilipofurika katika miaka ya hivi karibuni, viboko na makazi ya watu vilichanganyika. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na uzito wake hupita tani moja. Rangi yake na rangi ya lami gizani ni kitu kimoja. Kuchimba njia ya chini pale ni kuchimba kisima. Kunyanyua barabara juu ya nguzo kunawezekana na kungesaidia hata wakati wa mafuriko, lakini ni gharama ya aina nyingine kabisa. Hadi hapo itakaponyanyuliwa, kinachobaki ni mwendo mdogo usiku, taa na matuta. Na kuna mahali ambapo kivuko bora ni kutojenga barabara. Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, iliizuia Tanzania kutekeleza mpango wake wa awali wa barabara ya lami kukatiza kaskazini ya Serengeti. Burundi ni mwanachama wa jumuiya hiyo tangu 2007, na mantiki ya hukumu hiyo inaihusu: hifadhi yenye umbo la ukanda kama Ruvubu ikikatwa na barabara nyingi za lami haiachi hifadhi moja, huacha vipande.

Kinachofanya jambo hili lisingoje ni reli. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa ya kilomita 282 kutoka Uvinza hadi Musongati, na Agosti mwaka huohuo kazi ikazinduliwa Musongati, huku mpango ukiwa ni kuifikisha reli Gitega baadaye. Njia hiyo huvuka mto Malagarasi. Upande wa Tanzania bonde la Malagarasi na Muyovozi lilikuwa eneo la kwanza la nchi hiyo kuorodheshwa kwenye mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, mwaka 2000; upande wa Burundi, hifadhi ya Malagarazi na ile ya Ruvubu zimo kwenye orodha hiyohiyo. Reli haisamehe makosa kama barabara. Mteremko wake lazima uwe mdogo, kwa hiyo kifusi huwa kirefu na cha juu, na tundu ambalo halikuachwa mwanzoni haliongezwi baadaye bila kusimamisha treni. Yaliyotokea Tsavo yanaweza kutokea tena hapa kwa urahisi: reli yenye matundu mazuri yanayofungukia barabara ya huduma, au ghala, au barabara ya lami itakayojengwa miaka mitano baadaye na ofisi nyingine ili kufikia stesheni.

Kwa sababu hiyo ningeanza na karatasi mbili kabla ya zege lolote. Ya kwanza ni daftari la vifo. Askari polisi wa barabarani huandika ajali za watu. Waandike pia mnyama aliyegongwa, aina yake, saa na kilomita, na nakala ifike kwa OBPE, ofisi ya serikali inayosimamia mazingira na hifadhi. Mwaka mmoja wa daftari hilo kwenye njia ya Muyinga na Cankuzo ungeonyesha mabonde matatu au manne yanayostahili fedha, na ungewaepusha wafadhili na tamaa ya kujenga penye mandhari nzuri ya kupiga picha. Karatasi ya pili ni orodha ya bei inayoambatana na mkataba wa kila mradi wa barabara au reli: kalavati za sanduku, ukingo mkavu, ua wa miti, matuta na usafishaji wa kila baada ya masika viandikwe humo kama vitu vinavyolipwa, kila kimoja na mstari wake. Mkandarasi hujenga kilichomo kwenye orodha. Kilichoachwa kwenye ripoti ya mazingira peke yake, hata kiwe na lugha nzuri namna gani, hakina fundi anayekidaia malipo.